Acheni kuchapa shilingi kwenye kete za poka

Haya, nimerudi baada ya kimya kirefu, na nimerudi na ugomvi.

Jamaa zangu wa hapa Kisumu wanaocheza poka nyumbani wameanza kutaka kete zao wenyewe, zenye jina na mchoro wao. (Kete, si chipsi. Nikisema chipsi hapa mtu ataniletea sahani na pilipili.) Wazo zuri sana. Lakini kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kompyuta", michoro yote huletwa kwangu niinyooshe, na karibu yote ina kosa lile lile. Katikati ya kete, kwa herufi nono: KSH 50. KSH 100. KSH 500. Mmoja aliweka alama ya dola na taa za Las Vegas. Ndugu yangu, wewe unakaa Nyalenda!

Msimamo wangu ni huu: kete ya nyumbani isiwe na nambari ya pesa hata moja. Iwe na rangi yake na alama yako, basi.

Anayeandika programu atanielewa haraka. Ukipigilia bei ya bidhaa ndani kabisa ya programu badala ya kuiweka kwenye faili la mipangilio, siku bei ikibadilika unafungua kila kitu upya. Kete yenye KSH 100 ni programu ya namna hiyo. Leo mko watu wanne mnataka mchezo mfupi, kesho mko wanane mnataka kukesha. Kete isiyo na nambari inakubali yote mawili: unaandika kwenye kipande cha karatasi kwamba leo nyeupe ni 1, unakibandika ukutani, mnaanza. Wazee wetu walilijua hili. Bao lina kete 64 na hakuna hata moja iliyoandikwa thamani. Wanaocheza ajua huku ziwani hutumia mbegu au kokoto, na sijasikia mtu akiuliza kokoto hii ni ya shilingi ngapi.

Sababu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Seti yangu ya kwanza ilikuwa na shilingi, nakiri. Hatukuwa tunachezea pesa. Anayetoka wa kwanza anaosha vyombo, hiyo ndiyo adhabu yetu mpaka leo. Usiku mmoja rafiki yetu, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akipigana na kubeti kwenye simu, alipoteza rundo la kete. Akazitazama, akasema polepole, "Hii ni stima ya miezi miwili." Tulicheka. Yeye hakucheka. Hakuja Jumamosi iliyofuata, wala ile iliyofuata. Alikuja kwetu kukimbia nambari hizo, nasi tulikuwa tumezichapa kwa rangi na kumwekea mezani pamoja na chai.

Najua jibu lenu. Mtasema kasino hutumia kete kwa sababu mtu akishika plastiki husahau kwamba ni pesa, kwa hiyo nambari inamsaidia akumbuke. Hoja ina uzito, sikatai. Lakini kumbukeni kwamba kete za kasino kwa kawaida zina nambari, na watu husahau vile vile. Kama nyuma ya kete kuna pesa za kweli, stika haitamwokoa mtu. Kama hakuna, kwa nini ujifanye ipo?

Alama yako, hiyo usiiache. Tuliwahi kucheza kwa vizibo vya soda kama wacheza drafti. Tatizo la kizibo ni kwamba kila kioski kinavyo. Jamaa alikuja na mfuko wa suruali unaolia kama kayamba, na usiku ule alishinda sana.

Sasa kutengeneza. Nilijaribu mawe ya sabuni, yale yanayochongwa Tabaka kule Kisii. Mazuri mkononi, mazito, lakini zikianguka sakafuni zinapasuka, tena unene wake haulingani. Unene ndio kila kitu. Kete ya kawaida ina upana wa milimita 39 na unene wa kama 3.3, na watu huhesabu kwa kulinganisha urefu wa marundo ya 20. Kete zako zikizidi zangu kwa milimita 0.2 tu, rundo lako limenizidi kwa milimita 4, zaidi ya kete nzima. Ugomvi huo sitaki. Plywood ni nyepesi mno, unapiga chafya rundo linahama. Mwishowe nilinunua kete tupu za rangi nne, nikachora kwa Inkscape (ni ya bure, acheni visingizio), nikapeleka kwa fundi anayekata stika za matatu. Mwambie akate mviringo kwa mashine; ukikata kwa mkasi utajuta.

Na badala ya shilingi nimeweka samaki. Omena ndiye mdogo, kisha fulu, kisha ngege, juu kabisa mbuta, ambaye anameza fulu mezani kama alivyowamaliza ziwani miaka ya 1980. Nilijiona mjanja mpaka stika zilipofika. Fulu na ngege ni wa ukoo mmoja, na ukiwapunguza hadi upana wa kidole gumba hakuna anayewatofautisha, hasa stima ikipotea na mnacheza kwa tochi. Nikamtoa ngege, nikamweka kamongo, mrefu kama nyoka. Sasa hata gizani hakuna ubishi.

Wala msinunue kasha la kete 500. Kila mchezaji mpe omena 10 za thamani ya 1, fulu 8 za 5, kamongo 6 za 25. Jumla 200, na kama dau kubwa la lazima ni 2, ana nafasi ya kutosha. Watu wanane ni kete 192. Ongeza mbuta 20 za kubadilishia, umefika 212.

Yule rafiki yetu amerudi. Juzi alipoteza kamongo wote, akaenda jikoni kuosha sufuria akilalamika kwamba fulu hawana shukrani.