Injini Ikigoma, Iulize Maswali Mawili

Juma hili tunayaacha mambo ya bustani na jiko, tunahamia uani. Huko, katika makambi na mitaani pia, baba wengi wana gari kuukuu lililofunikwa turubai likingojea siku yake. Mimi pia ninalo: Volkswagen 1300 ya mwaka 1969, lile lenye mgongo wa kobe. Magari ya ukoo huo yaliundwa zaidi ya milioni 21, na la mwisho lilitoka kiwandani Puebla, nchini Meksiko, mwezi wa Julai 2003. Wazee wetu huyakumbuka kwa mbio za Safari za Afrika Mashariki, ambazo yalishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Langu lilikuwa limelala miaka 12 chini ya mwembe.

Nilibadilisha oili, nikatia betri mpya, nikarekebisha nafasi za valvu kuwa milimita 0.15 injini ikiwa baridi. Jumamosi ya tatu likanguruma, na watoto wakashangilia. Furaha hiyo ilidumu robo saa. Injini ilianza kukohoa, ikapungukiwa nguvu, ikazimika. Nilipoiacha nusu saa iliwaka tena kana kwamba haikuwa na ugonjwa wowote, kisha baada ya robo saa nyingine ikazimika vile vile.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilijiambia kwamba kinachokufa kikipata moto na kufufuka kikipoa hakina budi kuwa kifaa cha umeme. Nikanunua koili mpya, gari halikupona. Nikanunua kondensa, halikupona. Nikanunua plagi nne, kisha nikazungusha skrubu za kabureta mpaka nikasahau zilivyokuwa mwanzoni. Fedha hizo mama watoto alikuwa amezitenga kwa mabati ya jiko. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Masika yakianza, Baba, tutapikia ndani ya gari?"

Jioni moja nilikuwa nikichomoa mpira wa petroli, na mtoto wangu wa pili amenishikia kandili karibu na injini. Jirani yangu, sajini mstaafu aliyetumikia kikosi cha uchukuzi, alipita uani. Hakusalimu. Alimnyang'anya mtoto ile kandili, akaenda nayo mbali, akaizima. Aliporudi alinionyesha mpira ule: ulikuwa umepasuka nyufa nyembamba, na tone la petroli lilikuwa likining'inia. Akasema, "Mwalimu, gari huundwa upya. Mtoto haundwi." Sikuwa na la kujibu.

Asubuhi alirudi, tukaanza upya. Kwanza tulibadilisha mipira yote ya petroli na kuikaza kwa vibano, tukaweka ndoo ya mchanga pembeni, na watoto wakakatazwa kukaribia. Kisha akanieleza utaratibu. Injini ya petroli ikizimika, iulize maswali mawili: je, cheche ipo? Je, petroli inafika? Nayo maswali hayo yaulizwe pale pale inapozimika, maana ukingoja ipoe, ugonjwa utakuwa umejificha na wewe utaishia kubahatisha. Zaidi ya hayo, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu, hata gari likipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Tuliliwasha, likazimika kama kawaida yake. Kabla ya kugusa petroli tulichomoa waya wa plagi moja, tukauchomeka kwenye plagi ya akiba iliyolazwa juu ya chuma cha injini. Alipopiga stati niliona cheche ya buluu, yenye nguvu. Basi koili, kondensa na plagi nilizonunua hazikuwa na kosa, na zile kuukuu pia hazikuwa na kosa.

Kwa swali la pili, tulichomoa waya mkubwa wa koili na kuugusisha kwenye chuma ili cheche isiruke. Tukachomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, tukauelekeza ndani ya kopo, tukapiga stati. Yalitoka matone machache tu. Je, pampu imekufa? Tuliiunganisha na kopo la petroli safi, ikavuta na kutema vizuri. Basi kosa lilikuwa kabla ya pampu. Katika gari hili injini iko nyuma na tangi liko mbele, na bomba la chuma hupita katikati chini ya sakafu. Majuma matatu mimi nilikuwa nikitazama nyuma tu.

Tulifungua kifuniko cha tangi, hali haikubadilika. Basi tangi halikukosa hewa. Tukachomoa mpira ulio chini ya tangi, petroli ikadondoka kwa uchovu. Afande akachokoa tundu kwa waya mwembamba, na petroli ya rangi ya chai ikamwagika. Ilikuwa kutu. Injini ikivuta, kutu ilikusanyika juu ya chujio la tangi na kuliziba. Injini ikizimika, kutu ilitulia chini na njia ikafunguka. Joto halikuhusika hata kidogo.

Tuliliondoa tangi, tukatia kokoto safi na petroli kidogo, tukalitikisa na kulisuuza mpaka maji ya kutu yakaisha, tukalianika likakauka kabisa. Tukaweka chujio jipya la tangi, na jingine dogo mbele karibu na tangi, wala si juu ya injini yenye joto. Nawasihi wasomaji: tangi la petroli, hata likiwa tupu, msilipeleke kuchomelewa bila fundi anayejua kuliondolea mvuke, kwani mvuke huo hulipuka.

Gari sasa linakwenda. Safari yake ya kwanza ilikuwa kumpeleka mama watoto dukani kuulizia bei ya mabati, na nusu ya bei tumekwisha kuiweka. Koili na kondensa za ziada zimo kabatini. Kandili imetundikwa jikoni, na haitoki humo.