MAONI YETU: KILO 44 ZIMEKWENDA WAPI?



Wengi wetu hapa Migori na Homa Bay twatoa sehemu kubwa ya mshahara kulipa karo. Mtoto akileta alama mbaya za kemia twamgombeza, "Soma zaidi!" Naye hukariri daftari mpaka usiku wa manane. Lakini kukariri si kufahamu.

Tazameni mfano. Kilo 100 za mawe safi ya chokaa zikichomwa tanuuni, hubaki kilo 56 za chokaa. Aliyekariri atajibu 56 na kunyamaza. Muulizeni, "Kilo 44 zimekwenda wapi?" Aliyefahamu atasema zimeruka zikawa hewa ya ukaa. Huyo, hata akipewa kilo 250, atapata 140 bila kuonyeshwa.

Jambo hili si la mtihani peke yake. Kule Nyatike wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Dhahabu hubaki. Zebaki haikupotea, imekuwa mvuke unaomwingia mtu mapafuni na kudhuru ubongo na figo zake. Swali ni lile lile: imekwenda wapi? Kijana aliyezoea kuliuliza darasani aweza kumwokoa baba yake mgodini.

Mradi wa SMASSE, ulioanzishwa mwaka 1998 na Kenya pamoja na Japani, uliwahimiza walimu wa sayansi wamwache mwanafunzi atende mwenyewe, na watumie vyombo vilivyopo karibu pale maabara ilipo haba. Njia hiyo isisahauliwe.

Kwa hiyo twasema hivi. Walimu, msikimbilie kuandika jibu ubaoni. Mpeni mtoto nafasi ya kujaribu, kukosea na kujisahihisha. Wanafunzi, kabla ya kuanza hesabu jiulizeni: nimepewa nini, natakiwa kutafuta nini, kwa kipimo gani? Na mkimaliza: je, jibu hili laweza kuwa kweli? Wazazi, hata kama hamkusoma kemia, mwambieni mtoto awaeleze hesabu yake kwa lugha ya nyumbani. Akishindwa kueleza, bado hajaielewa; arudie.

Nasi tunaoshika chokaa, tindikali na dawa za mimea kazini, tukubali kwenda shuleni kuwaeleza vijana jinsi zinavyopimwa na hatari zake.

Kila tawi lijadili jambo hili katika mkutano wake ujao.

Umoja ni nguvu!

MHARIRI