MALEZI YA VIJANA WETU: MPIRA ULIOGUSA MCHANGA



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo, mwezi huu napenda tuzungumze habari za mchezo. Wala asistaajabu mtu kumwona mwalimu wa chuo akiandika juu ya mpira. Malezi ya mtoto hayakomei kwenye msahafu na ubao. Popote alipo mtoto, moyo wake unasoma, ama mema ama mabaya.

Sisi watu wa Kariakoo tumekulia katika kandanda. Yanga iliasisiwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, nayo zamani ikiitwa Sunderland mpaka ilipopewa jina la Simba mwaka 1971. Lakini katika miaka ya 2010 Wajapani walituletea mchezo mwingine, besiboli, na mwaka 2018 ukafunguliwa uwanja wake, kwa msaada wa Japani, katika Shule ya Sekondari ya Azania, pale Upanga, si mbali na kwetu. Mchezo huo sasa umewafikia hata vijana wadogo wa mitaani, nami huwasaidia kwa kuwahesabia glovu na mipira, kuwachotea maji, na kuwaangalizia saa ya sala. Wazazi huniuliza: "Maalim, mna faida gani humo?" Nawajibu hapa.

Katika besiboli mrushaji hurusha mpira mdogo mgumu, na mpigaji huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo vitatu na kurudi pale alipoanzia. Akirudi salama, upande wake hupata pointi. Lakini mpira alioupiga ukidakwa ungali hewani, yeye ametoka. Ukigusa ardhi kwanza, hata kwa kiasi cha unene wa ukucha, huo si mdako. Basi fikirini: kijana yuko mbali kabisa na mwamuzi, amejitupa chini, glovu yake imefunika mpira. Ni nani ajuaye kama uligusa mchanga? Ajuaye ni yeye na Mola wake.

Jambo hilo lilitokea mbele ya macho yangu. Mchezo ulikuwa ukingoni, mtoto mmoja akajitupa na kuinuka na mpira mkononi. Mwamuzi akatangaza kuwa mpigaji ametoka, na wenzake wakaruka kwa furaha, maana wameshinda. Mtoto akainua mkono, akasema, "Uligusa chini." Mwamuzi akalipokea neno lake, wapinzani wakapata pointi zao, na upande wa mtoto yule ukashindwa. Wenzake walimnunia, hilo si ajabu kwa watoto. Lililonihuzunisha ni mtu mzima aliyemwambia, "Ulisemea nini, na mwamuzi hakuona?"

Ndugu zangu, neno hilo ni la zamani. Husimuliwa kwamba Sayyidna Umar (R.A.), akipita usiku mitaani Madina, alimsikia mama akimwamuru binti yake atie maji katika maziwa ya kuuza. Binti akakataa, akataja katazo la Umar. Mama akasema kuwa Umar hawaoni. Binti akajibu kuwa ikiwa Umar haoni, Mola wa Umar anaona. Umar alimtaka binti huyo awe mke wa mwanawe Aasim, na katika kizazi chao akatoka Khalifa mwadilifu, Umar bin Abdul-Aziz. Tazameni baraka ya neno moja la kweli lililosemwa gizani!

Nasi tunaishi sokoni. Mtoto anayedaka mpira leo, kesho atasimama nyuma ya mizani, au atashika daftari la duka la watu. Surat Al-Mutaffifin inawaonya vikali wanaojipimia kamili na kuwapunguzia wengine. Mnunuzi hauoni kila mkono ulio juu ya mizani, kama mwamuzi asivyouona kila mpira. Aliyezoea kusema "uligusa chini" akiwa mdogo, haitakuwa taabu kwake kusema "ratili haijatimia" akiwa mkubwa. Na aliyekemewa kwa kusema kweli tumemfundisha wizi sisi wenyewe.

Faida ya pili ni kustahimili kushindwa. Hata katika ligi kubwa za Marekani, mpigaji afanikiwaye mara tatu katika kumi huhesabiwa hodari. Ngamia wa Mtume (S.A.W.), Al-Adhbaa, alipopitwa na ngamia wa bedui, Sahaba waliona uchungu, Mtume akawafahamisha kuwa hakuna kitu kinachopanda duniani ila Mwenyezi Mungu hukishusha. Basi kijana aliyeshindwa asimtukane mwamuzi, wala aliyeshinda asijivune.

Lakini mchezo una mipaka yake. Alasiri ikiadhiniwa, gongo liwekwe chini. Glovu na mipira ni amana, virudi vyote kwa hesabu. Watu wazima wasiweke dau juu ya mchezo wa watoto, maana kamari ni haramu. Na ile desturi ya Wajapani ya kujipanga na kuinamiana, wao wanakusudia heshima, nasi hatuwadharau. Ila rukuu yetu ni ya Mwenyezi Mungu. Anas (R.A.) amepokea kwamba Mtume aliulizwa kama mtu amwinamie nduguye, akakataza, na alipoulizwa juu ya kupeana mikono akakubali. Basi vijana wetu wasimame wima, wawape wenzao mikono na maneno mema; heshima itakuwa imetimia.

Enyi wazazi, mtoto arudipo jioni na vumbi lake, msianze kumwuliza, "Mmeshinda?" Mwulizeni, "Umesali? Umesema kweli?" Na akiwaambia kuwa wameshindwa kwa sababu ya kweli yake, mkalisheni karibu, mpeni chakula chake kwa uso mkunjufu, ajue kuwa nyumbani kwao kweli haina hasara.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu ukweli wa ndimi na usafi wa mikono, mbele ya watu na mahali wasipoonekana na mtu. Amin.

Wassalaamu alaykum.