Reli Ikikatika Kilosa, Anayesubiri Yuko Amani

Kila ninapowaambia wanafunzi wangu kwamba Zanzibar huumia reli ya Bara inapokatika, huona nimeanza mzaha. Sisi na reli wapi na wapi? Mwenye kujua historia kidogo hujitutumua akasema kwamba tulikuwa nayo sisi kwanza, na hasemi uongo. Sayyid Barghash alikuwa na kijireli chake cha kwenda Chukwani kabla Wajerumani hawajaanza kutandika reli ya Tanga mwaka 1893, na kuanzia 1905 treni ya Bububu ilikuwa ikitoka Ngome Kongwe na kujipenyeza katika njia nyembamba za Malindi, hadi ilipokufa mwishoni mwa miaka ya 1920. Tangu hapo treni kwetu ni jambo la picha za zamani.

Mzigo, hata hivyo, haujui kwamba reli imeishia Dar es Salaam. Mninga wa Tabora, mawese ya Kigoma, asali, dagaa wa maziwa, vyote hivi vinaposhushwa bandarini tunaviita mizigo ya boti, kwa kuwa tumeviona vikitoka botini. Sehemu ndefu zaidi ya safari yake hatukuiona, na kwa kuwa hatukuiona, hatukujipa haki ya kuiulizia. Naandika leo kuidai haki hiyo, na nitaanza na kadhia iliyonipata mwenyewe.

Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mvua kubwa ilinyesha katikati ya Bara. Mto Mkondoa ukavunja kingo zake Kilosa, maelfu ya watu wakakosa makaazi, na reli ya Kati ikasombwa katika kipande cha Kilosa hadi Gulwe. Treni zikasimama kwa miezi. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu kijana mwenye madodoso ya utafiti yaliyojaa sanduku moja zima, niliyoyaacha Tabora kwa wakala wa mizigo ili yanifuate Unguja kwa bei nafuu. Jina la wakala huyo naliacha, maana tabia yake haikuwa yake peke yake. Nilikwenda kuulizia sanduku langu mara ya kwanza, ya pili na ya tano, na kila mara nikajibiwa neno lile lile: “Bado, Mwalimu.”

Ofisini humo ndimo nilimozoeana na fundi seremala mmoja wa hapa kwetu Amani, mtu mzima kuliko mimi, ambaye karakana yake nilikuwa nikiipita kila siku bila ya kujua jina lake. Yeye alikuwa akisubiri mbao za mninga. Alikwisha kupokea arubuni ya kitanda, kabati na meza ya kujipambia, kazi ya harusi, na sehemu ya fedha ile ndiyo aliyonunulia mbao zenyewe. Harusi ilikwisha kutangazwa. Wenye harusi walikuwa wakimjia nyumbani baada ya sala ya alasiri, kwa adabu mwanzoni, kisha kwa adabu iliyopungua. Kila akiwaambia “bado”, walimwona mwongo, na yeye hakuwa na ushahidi wa kujitetea, kwani hakuna aliyemwambia kwamba reli imekatika. Mimi ndiye niliyemwambia, nikiwa nimeisoma gazetini.

Kilichoniuma si mafuriko. Seremala yule angeliweza kuishi na mafuriko. Lau angeliambiwa wiki ya kwanza kwamba njia imekatika na haitarajiwi kufunguka karibuni, angelikwenda kwa wenye harusi na gazeti mkononi, akaomba muda, au akatafuta mbao kwa mwenzake, au akarudisha arubuni kabla hajaitumia yote. Hakupewa nafasi ya kuchagua hata moja kati ya hayo. Alipewa “bado”. Harusi ikafanyika kwa kitanda cha kuazima, arubuni ikarudishwa kwa kukopa, na mbao zikafika baada ya watu kwisha kusahau hata chakula kilichopikwa siku ile. Sanduku langu nalo lilifika, likiwa limelowa upande mmoja.

Najua nitakachojibiwa: mvua ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Ni kweli, na sina ugomvi na mvua. Lakini tutazame jinsi reli ile ilivyopita. Ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, na ili kupanda kutoka uwanda wa pwani kwenda nyanda za juu, wajenzi wake waliibana na bonde la mto, kwa sababu bondeni ndiko mwinuko ulikokuwa mpole kwa vichwa vya treni vya wakati ule. Kwa hiyo mto na reli vimelala kitanda kimoja kwa zaidi ya miaka mia. Mto ukijigeuza, reli huanguka. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliiharibu, na mwaka 2010 haikuwa mara ya mwisho. Jambo linalojirudia mahali pale pale haliwi tena ajali. Ni ratiba ambayo hatukuiandika tu. Yanajulikana makalvati yanayoziba mchanga na matuta yanayoliwa na maji, na bwawa la Kidete, lililotakiwa kuyapunguza maji nguvu, limekuwa likitajwa tena na tena bila ya kwisha kutajwa.

Tena mwaka ule reli ilikuwa katika mikono iliyokuwa ikivutana. Mwaka 2007 asilimia 51 ya kampuni ya reli ilikabidhiwa RITES ya India, na baada ya miaka michache tu serikali ikazirudisha hisa hizo. Kwa upande mwingine TAZARA, kilomita 1,860 zilizojengwa kwa mkopo wa Wachina usio na riba, imewahi kusimama si kwa mafuriko bali kwa migomo ya wafanyakazi waliokuwa wakidai mishahara yao. Sitaki kuwarudisha wasomaji wangu katika mjadala wa ubinafsishaji, ambao tumeujadili hadi ukachakaa. Nataka tuone tu kwamba sababu za kuchelewa ni nyingi, na kila moja ina msemaji wake na utetezi wake. Asiye na msemaji ni yule anayesubiri.

Na wanaosubiri hawasubiri sawa. Mfanyabiashara mkubwa, reli ikikatika, hukodi malori, akalipa zaidi, kisha akaipachika gharama ile juu ya bei; mlaji wa Darajani ndiye anayeimaliza. Mwenye mzigo mdogo hawezi kukodi lori kwa ajili ya mbao za kitanda kimoja. Alichagua reli kwa sababu ndiyo iliyolingana na mfuko wake, basi hubaki nayo, ikienda na ikisimama. Sisi katika elimu ya siasa tumezoea kuhesabu kodi kwa shilingi. Nathubutu kusema kwamba kungoja nako ni kodi, inatozwa kwa siku, na haitozwi kwa kadiri ya uwezo wa mtu.

Hapa ndipo mambo ya Muungano yanapoingia, kimya kimya. Ukiisoma Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 utaikuta bandari, utaukuta usafiri wa anga, utaikuta posta. Reli huikuti. Reli ni jambo la Bara, na mdhibiti wake, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, ni mdhibiti wa usafiri wa ardhini wa huko huko. Sidai kwamba reli iingizwe katika orodha ya Muungano; orodha ile ina vijembe vya kutosha. Nasema tu kwamba mzigo wa seremala wa Amani huanzia katika mamlaka ambayo haimjui, huvuka kwa boti, kisha hufika katika bandari isiyoweza kumweleza ulikuwa wapi. Kila ofisi imefanya kazi yake hadi ukingo wa eneo lake. Yeye yuko ng'ambo ya ukingo wa mwisho.

Kuna watakaosema haya ni ya zamani, tuna SGR sasa. Alhamdulillahi, tunayo, Rais Samia aliizindua tarehe 1 Agosti 2024 ikifika Dodoma, na huko Kilosa inapita katika mahandaki badala ya kumbembeleza mto. Lakini treni ya umeme nayo ina ya kwake. Wasomaji watakumbuka taarifa ya Shirika la Reli ya mwaka ule ule wa 2024, iliyoeleza kwamba treni imechelewa kwa hitilafu ya umeme iliyosababishwa na wanyama na ndege waliogusa nyaya. Nchi nzima ilicheka. Mimi, nakiri, sikucheka sana. Nilijisemea: angalau wameambiwa. Abiria wale walipewa sababu, wakapewa hata mnyama wa kumlaumu, na walipewa mapema. Ninaomba tu kwamba adabu hiyo aliyotendewa abiria atendewe na mwenye mzigo, na mwenye mzigo aliyeko kisiwani.

Si jambo gumu. Ibara ya 18 ya Katiba hiyo hiyo inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Reli kukatika ni tukio la namna hiyo, na taarifa yake isiishie stesheni ya Dar es Salaam. Risiti ya mzigo iwe na tarehe inayotarajiwa ya kufika, jambo ambalo mawakala wengi hulikimbia, na ioneshe nani anachukua dhamana tarehe hiyo ikipita bila ya mpokeaji kuarifiwa. Nasisitiza neno kuarifiwa: wakala asilipe kwa sababu ya mvua, alipe kwa sababu ya kunyamaza. Siku hizi kila mtu ana simu. Ujumbe mmoja wa maneno kumi ungeliiokoa heshima ya seremala yule mbele ya wenye harusi.

Yeye bado yupo, na karakana yake ipo. Nilipompitia wiki iliyopita nilimkuta akikata mbao za kiwandani, zile zinazokuja kwa kontena kutoka nje. Mninga wa Tabora haagizi tena ila mteja akishikilia, na akiuagiza hapokei arubuni mpaka mbao ziwe zimeegemea ukuta wake. Maana yake ni kwamba mteja asiye na haraka na mwenye fedha ndiye anayepata mninga, na mpasuaji mbao wa Tabora amempoteza mnunuzi bila ya kujua kwa nini.

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma wanaonisoma, hasa mlioko katika wizara zinazohusika na uchukuzi za pande zote mbili: mnakutana mara nyingi kuzungumzia kero za Muungano. Katika kikao kijacho wekeni mezani karatasi moja tu, risiti ya mzigo kutoka Tabora hadi Unguja, na muulizane katika kila hatua ni nani mwenye wajibu wa kumpigia simu mpokeaji.