Ringi iliyokatika haishushi breka

Nyumba nyingi zilizojengwa miaka ya 1980 na 1990 ziliwekewa soketi moja kila chumba, pengine mbili sebuleni. Zilitosha: pasi, redio, na televisheni kwa aliyejaaliwa. Leo sebule ile ile ina televisheni, king'amuzi, ruta ya intaneti, spika, feni na chaja za simu za watu wanne, na jikoni kumeingia friji, jagi la umeme, blenda na maikrowevu. Mwenye nyumba hununua ekstensheni, kisha ekstensheni ya kuchomeka kwenye ekstensheni. Siku akichoka kujikwaa, anamwita fundi. "Bosi, hii kazi ndogo tu," fundi anasema, na kweli, jua halijazama soketi mpya iko ukutani, simu inachaji, na hela ya fundi imeshalipwa.

Ugomvi uanzie hapo. Soketi kutoa umeme hakuthibitishi kwamba waya uliomo ukutani uko salama, hasa nyumba ikiwa imefungwa waya kwa mtindo wa ringi. Fundi aliyeongeza soketi bila kupima ringi hajamaliza kazi aliyoitiwa. Na mwenye nyumba anayegoma kulipia kipimo kwa kuwa "si inawaka?" naye hana pa kujifichia.

Ringi ilizaliwa Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kamati ya wataalamu iliketi kupanga umeme wa nyumba ambazo zingejengwa baada ya vita. Nyumba zilihitajika kwa wingi na shaba ilikuwa adimu. Wakaamua waya utoke kwenye fyuzi, upite soketi zote, kisha urudi pale pale ulipotokea. Umeme ukifika kwa njia mbili, waya mwembamba hubeba mzigo ambao peke yake usingeuweza. Ndani ya kamati hiyo alikuwamo mwanamke mmoja tu, mhandisi Caroline Haslett, aliyetaka watoto walindwe. Plagi ya pini tatu bapa, iliyowekewa kiwango cha BS 1363 mwaka 1947, ina pini ndefu ya erthi inayotangulia kuingia na kufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Ndiyo plagi ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hadi leo. Na ndivyo vifuniko ambavyo kila siku vinashindwa na kalamu ya Bic: mtu ana chaja ya pini mbili, anachokoa tundu la juu, anaisukuma chaja, maisha yanaendelea. Mtoto aliyekaa kwenye mkeka anatazama na kujifunza.

Hesabu ya ringi yenyewe si ngumu. Kwa kawaida hufungwa waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 chini ya breka ya ampea 32, kwa eneo lisilozidi mita mraba 100. Waya huo ukiwa peke yake hubeba kati ya ampea 20 na 27, kutegemea ulivyopitishwa. Kwa maneno mengine, breka imeuzidi waya nguvu, na kinachouokoa waya ni zile njia mbili.

Sasa skrubu moja ilegee nyuma ya soketi ya chumbani, waya uchomoke. Hakuna taa itakayozima. Soketi zote zitaendelea kuwaka kwa sababu kila moja bado inapata umeme kutoka upande mmoja. Jikoni, jagi la wati 3,000 linavuta ampea 13, pasi ya wati 2,000 inavuta karibu 9, maikrowevu inaongeza kama 6. Jumla ni ampea 28, zote zikipita kwenye waya mmoja unaopata moto ndani ya ukuta, huku breka ya 32 ikiona kila kitu kiko sawa. Hali hiyo inaweza kudumu miaka.

Kwenye ringi ya namna hiyo ndiko fundi anakokuja kuongeza soketi. Njia nzuri ni kuiingiza soketi mpya ndani ya ringi yenyewe: waya uingie, waya utoke. Njia inayokubalika pia ni kuchepusha tawi kutoka soketi iliyopo, lakini tawi hilo, likiwa halina fyuzi yake, lilishe soketi moja tu, iwe ya tundu moja au mbili. Ukitaka zaidi ya hapo, tawi lianzie kwenye swichi yenye fyuzi ya ampea 13.

Karatasini hayo ni rahisi. Lakini kuta zetu ni za tofali na plasta, nyaya ziko ndani ya paipu, na kuiingiza soketi kwenye ringi maana yake ni tindo, vumbi, nyaya mbili za kila aina kupita mahali pamoja, kisha kumwita mtu wa plasta na rangi. Fundi anayelipwa kidogo atachagua tawi. Mwaka unaofuata fundi mwingine anakuja, anafungua soketi ya mwisho, anaona waya umeingia, naye anaunganisha nyingine hapo hapo. Tawi limezaa tawi. Akifungua soketi na kukuta seti moja tu ya nyaya, hiyo ilipaswa kuwa ishara ya kusimama, kwa kuwa huenda yuko mwisho wa tawi. Seti mbili nazo hazimpi uhakika; tawi lililokwisha kurefushwa lina sura hiyo hiyo.

Uhakika unapatikana kwa mita. Umeme unazimwa, ncha mbili za ringi zinafunguliwa kwenye boksi la breka, kisha unapimwa ukinzani kutoka ncha hadi ncha: laivu kwa laivu, nyutro kwa nyutro, erthi kwa erthi. Ringi nzima ya waya wa 2.5 yenye urefu wa mita 60 itasoma karibu omu 0.44, na laivu na nyutro zitakaribiana sana. Mita isiposoma njia, ringi imekatika, na habari ya soketi mpya isubiri.

Wapo mafundi, hata huko Uingereza, wanaoona ringi imeshapitwa na wakati, na kwa nyumba mpya za huku wana hoja nzito. Waya wa 2.5 unaokwenda bila kurudi, chini ya breka ya ampea 20, ukikatika katikati, soketi za mbele zinazima na kila mtu anajua. Anayechora nyumba leo aufikirie mtindo huo, na jikoni aipe njia yake yenyewe. Aweke pia soketi nyingi tangu mwanzo, maana kupasua ukuta usiopigwa plasta ni kazi rahisi.

Kwa nyumba zilizokwisha kusimama, tatizo ni kwamba mkaguzi huja wakati wa kuunganishiwa umeme, na baada ya hapo mara nyingi harudi tena. Wadhibiti wa nishati, EWURA Tanzania na EPRA Kenya, hutoa leseni kwa mafundi, lakini soketi ya kuongeza hufungwa na yeyote mwenye bisibisi. Mwenye nyumba anaweza kuanza yeye mwenyewe: amtake fundi mwenye leseni, amlipe kupima kabla na baada ya kazi, na amwambie aandike namba hizo pamoja na tarehe kwenye karatasi ibandikwe ndani ya mlango wa boksi la breka, ili fundi ajaye aikute.