Anayehama Dadaab Aripoti, Asiombe Ruhusa

Tangu Rais William Ruto azindue Mpango wa Shirika tarehe 28 Machi 2025, tumeambiwa kwamba kambi za Dadaab zitageuzwa kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji watasoma, watatibiwa na kufanya biashara pamoja. Ni ahadi njema. Lakini mkimbizi wa Ifo, mojawapo ya kambi hizo, anayetaka kufika Garissa mjini, mwendo wa kama kilomita 100, bado lazima aombe pasi, aeleze anakwenda kufanya nini na atarudi lini, kisha asubiri. Hili ndilo sharti lililostahili kufutwa kabla ya lingine lolote, na ndilo lililoachwa.

Serikali ina haki ya kujua mgeni anaishi wapi. Sipingi hilo hata kidogo. Marekani, walikohamishiwa maelfu ya Wasomali waliopitia Dadaab, mgeni ambaye hajapata uraia akihama nyumba hutakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku 10, na asipofanya hivyo ametenda kosa. Ni sheria kali, ila humwacha mtu ahame kwanza. Aliyepelekwa Minneapolis akipata kazi Columbus hufunga mizigo, akaenda, akajaza fomu. Ndugu yake aliyebaki kambi ya Hagadera, Dadaab, akipata kazi Garissa hana fomu ya kujaza. Ana ruhusa ya kuomba, na anaweza kunyimwa. Hata hapa jirani, Uganda, mkimbizi aliye tayari kujitegemea anaweza kuishi Kampala.

Wanaotetea pasi husema ni kwa ajili ya usalama. Garissa haihitaji kufundishwa uchungu wa ugaidi: watu 148 waliuawa katika chuo kikuu chetu tarehe 2 Aprili 2015. Lakini mmoja wa wauaji wale alikuwa Mkenya, mtoto wa chifu wa Mandera, aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Pasi ya mkimbizi haikumhusu. Wengine husema mji utalemewa, maji na hospitali havitatosha. Hiyo ni kazi ya bajeti, si ya kizuizi cha polisi.

Lililo zito kuliko yote ni kwamba ruhusa huua ukweli wa sajili ya wakimbizi. Mtu anayejua kwamba akitaja anapoishi atakamatwa, hatataja. Sajili itaendelea kumwonyesha kambi ya Dagahaley, katika bloku yake ya zamani, ilhali ana miaka anauza nguo Eastleigh, Nairobi. Mwaka 2014 serikali iliamuru wakimbizi wote wa mijini warudi kambini, na mwezi Aprili operesheni ya Usalama Watch ikazoa maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakiwemo Wakenya, baadhi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Mkimbizi alijifunza nini siku zile? Alijifunza kuhama usiku, kupanga chumba kwa jina la mwingine, kumpa askari chochote alicho nacho mfukoni. Serikali iliyotaka kujua watu wanaishi wapi iliwafunza kutosema, na sasa inashangaa kwamba haijui.

Anayetaka kuona madhara ya sajili isiyofuata maisha ya watu asiende mbali. Miaka ya ukame, familia nyingi za Wakenya wa Garissa na Wajir zilijiandikisha Dadaab ili zipate mgao wa chakula na watoto waende shule. Zilikuwa na njaa. Hazikuwa zimekimbia nchi yoyote. Watoto wale walipofika umri wa kuchukua kitambulisho, alama za vidole zikawarudisha kwenye orodha ya wakimbizi. Walikadiriwa kuwa 40,000. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, huwezi kuajiriwa, na ukifika kizuizi cha daraja la Tana unateremshwa kwenye basi mbele ya abiria wenzako. Shirika la Haki na Sheria la hapa Garissa limewapigania kwa miaka. Raia wa nchi hii, katika ardhi ya mababu zao, walikwama kwenye makazi ambayo baadhi yao waliyaacha wakiwa hawajui kusoma, kwa sababu hapakuwa na dirisha hata moja ambapo mtu angesema, "Siishi tena kule, andikeni upya," akaandikwa siku hiyohiyo.

Kwa hiyo nasema inatosha. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 imempa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Haki hiyo haina maana kwa mtu asiyeweza kwenda kazini. Idara ya Huduma za Wakimbizi ifungue madawati Garissa, Eastleigh na Mombasa, ambako mkimbizi atatoa taarifa kwamba amehama na kupewa karatasi yenye makazi yake mapya. Na kanuni itamke waziwazi kwamba taarifa hiyo haitatumiwa kumkamata wala kumrudisha kambini. Bila kipengele hicho cha mwisho, madawati hayo yatakaa matupu.