Imefungwa: "Haikuonekana Kwangu"

Jamani waandishi wa programu, tuna tabia mbaya. Mtumiaji analalamika, tunajaribu mara moja kwenye tarakilishi zetu, hatuoni kitu, tunafunga ripoti. Leo nawaletea ripoti iliyofungwa kwa miaka zaidi ya 40.

Kuna ugonjwa wa kurithi uitwao mayotoniki distrofi. Misuli hudhoofika, na mkono ukishakamata kitu hauachii upesi. Tangu mwaka wa 1918 madaktari waliona jambo la ajabu katika familia hizi: babu alipata mtoto wa jicho uzeeni, basi, binti yake akaishiwa nguvu ukubwani, mjukuu akazaliwa akiwa legelege. Kila kizazi kilizidiwa.

Mwaka wa 1948 Lionel Penrose, mtaalamu mkubwa wa jenetiki kule London, akasema huo ni udanganyifu wa sampuli. Aliyeugua vibaya utotoni hazai, kwa hiyo daktari hukutana tu na mzazi mwenye dalili kidogo na mtoto aliyezidiwa. Hesabu safi kabisa! Wakati huo hakuna aliyejua jinsi jeni inavyoweza kuharibika zaidi kila inaporithiwa, na wengi wakamfuata. Yaani ushahidi wa familia ukatupwa kwa sababu wataalamu hawakuwa na maelezo.

Maelezo yalikuja 1992. Katika jeni ya DMPK, kromosomu ya 19, herufi CTG hujirudia. Kwa asiye mgonjwa ni mara 5 hadi 34. Kuanzia 50 ugonjwa huingia, na wanaozaliwa nao mara nyingi wana zaidi ya 1000. Marudio hayo hupenda kurefuka yanapopita kutoka mzazi hadi mtoto. Nakala zake za RNA hunasa protini ambazo jeni nyingine zinazitegemea, ndiyo maana hata moyo na macho huumia. Familia zilikuwa zimesema kweli.

Sasa nyinyi mnaoandika programu za kusoma DNA. Mashine nyingi husoma vipande vya herufi kama 150. CTG mara 1000 ni herufi 3000! Zipo programu za kukisia marudio marefu, na mashine za vipande virefu pia zipo, lakini mkondo wa kawaida usipowekewa hayo hupita hapo bila kuona kitu, kisha mgonjwa anaambiwa hana tatizo. Nani kawaruhusu? Kama programu yako haikuweza kusoma mahali hapo, iandike kwenye ripoti, kwa herufi kubwa: HAPAKUSOMWA.